Maziwa ya Digrii Kumi na Moja

Vijana wangu, nimewasikia mkikariri. Jioni mnapita hapa Shasha, mbele ya nyumba yangu, daftari zimekunjwa mkononi, midomo inakwenda: “Dosage ni kutafuta kiasi cha kitu usichokijua kwa msaada wa kitu unachokijua.” Mnasema bila kosa, kama kasuku wa msitu wa Walikale, na kama kasuku hamjui mmesema nini. Msininunie. Nimestaafu, mikono yangu imepumzika, na mzee aliyepumzika ana haki ya kuchokoza kidogo.

Nimeamua kuwaandikia, maana mkiketi hapa mtaniuliza maswali ya mtihani na nitapoteza uzi. Sambaza za mwanangu, dagaa wa ziwa letu, ziko juani zinakauka, ziwa limetulia, na mimi nina asubuhi nzima.

Mimi ni Mama Sifa. Kabla ya kushuka huku ziwani nilikuwa mpimaji wa maziwa katika laiterie moja ndogo ya milima ya Masisi. Laiterie ni nyumba ya jibini: nyumba ya mbao, sakafu ya saruji, masufuria makubwa, na rafu ambazo juu yake jibini za mviringo zinalala zikingoja kwenda Goma. Kila asubuhi wenye ng'ombe walishuka mlimani na maziwa yao, wengine kichwani, wengine kwenye chukudu, baiskeli yetu ya mbao, na walipanga foleni mbele ya dirisha langu. Nyuma ya dirisha kulikuwa na meza, bureti yangu, bomba jembamba la kioo lenye mistari na bilula chini, na mimi. Kikombe kimoja cha maziwa machachu kikiingia katika sufuria kubwa, jibini la mlima mzima linapasuka. Kwa hiyo hakuna maziwa yaliyopita bila kunisalimia.

Aliyenifundisha aliitwa Papa Muhindo, mtu wa Butembo, Mkatoliki wa kutembea na rozari mfukoni, mwenye kofia ya sufu hata jua likiwaka. Siku ya kwanza aliniambia nioshe bureti kwa maji. Nikaosha. Akaniambia nioshe tena, sasa kwa soda kali yenyewe, ile dawa ya maji inayounguza ngozi, ile ile tutakayopimia, halafu niimwage. Niliona ni uharibifu.

“Papa, soda njo tunatafuta kwa shida, na weye unaimwanga?”

“Glasi yako iko na maji kidogo chini,” akasema. “Unatiamo kasiksi. Utakunywa kasiksi gani?”

Kasiksi ni pombe yetu ya ndizi, na mtu wa Masisi hahitaji kuelezwa zaidi. Maji yanayobaki ndani ya bureti yanaipunguza nguvu soda, na soda dhaifu inakudanganya. Tangu siku hiyo sikuuliza tena habari ya kuosha.

Kazi yenyewe ni hii. Maziwa yana asidi yake, hata yale yaliyotoka kwa ng'ombe sasa hivi, na kadiri yanavyokaa asidi inaongezeka. Unavuta mililita kumi za maziwa kwa pipeti, mrija wa kioo, unaziweka katika kikombe cheupe, unaongeza matone machache ya fenolftaleini. Hiyo ni dawa isiyo na rangi palipo na asidi, na inageuka waridi asidi ikiisha. Halafu unafungua bureti, na soda kali inashuka tone kwa tone, huku mkono wa pili ukizungusha kikombe. Kila tone linakula asidi kidogo. Inafika mahali tone linakosa cha kula, na rangi inatokea. Funga hapo hapo, soma bureti.

Mara yangu ya kwanza sikufunga hapo hapo. Maziwa yaligeuka mekundu kama kinywaji cha grenadini. Papa Muhindo alikitazama kikombe kwa huruma.

“Mama Sifa, nilikuomba upige hodi ku mulango. Weye umeingia mpaka mu chumba ya kulala.”

Rangi mnayoitafuta ni ile ya ua la maharage ya kwetu, lile ambalo ukilitazama haraka unasema ni jeupe, ukilitazama tena unasema hapana. Ikitokea, zungusha kikombe na uhesabu pumzi chache. Ikifutika, bado. Ikikaa, umefika. Na jicho liwe sawasawa na mstari, si kutoka juu kama mwenye kiburi wala kutoka chini kama mwenye kuomba.

Sasa hesabu, na msikimbie. Soda yetu ilikuwa ya normali moja ya tisa, yaani gramu arobaini za soda kali ukazigawa kwa tisa, ukayeyusha katika lita moja. Nilidhani ni ukaidi wa Wazungu. Kwa nini tisa, wakati kumi iko karibu? Papa Muhindo akaniandikia kwa chaki mlangoni: asidi ya maziwa, uzito wake ni tisini. Tisini gawa kwa tisa, kumi. Kwa hiyo mililita moja ya soda ile inakula miligramu kumi kamili za asidi. Na kwa kuwa maziwa ndani ya kikombe ni mililita kumi, mililita moja ya soda ni sawa na gramu moja ya asidi katika lita ya maziwa. Sehemu ya kumi ya mililita tuliiita digrii. Bureti ikishuka 1,7, maziwa ni digrii kumi na saba, basi. Mtu fulani alikaa akafikiri mapema ili mama aliyesimama mbele ya foleni asihitaji kufikiri. Nilipoelewa hilo nilicheka peke yangu, na bado nikilikumbuka nafurahi.

Maziwa mazima ni kumi na tano hadi kumi na nane. Yakivuka ishirini, mwenye nayo anarudi nayo nyumbani akanywe mtindi na wanawe. Yakishuka chini ya kumi na nne, kuna jambo: maji, au ng'ombe anaumwa kiwele.

Papa Muhindo alikuwa na sheria mbili zaidi. Ya kwanza: matokeo unamwambia mwenye maziwa peke yake, kwa sauti ndogo, kama padri anavyosema na muungamaji. Foleni haina haki ya kusikia digrii za jirani. Ya pili aliisema kwa Kifaransa kwanza, essai à blanc, kisha akaieleza kwa kwetu: “Mbele ya kupima kitu, pima chombo yake tupu. Chombo nayo iko na maneno yake.” Ukitaka kujua maziwa yana nini, kwanza jua maji uliyooshea yana nini, kikombe kina nini, dawa yenyewe ina nini.

Niliona faida ya sheria hiyo msimu mmoja wa mvua. Ghafla maziwa ya watu wote yalikuwa machachu: ishirini na moja, ishirini na mbili, hata ya ng'ombe waliokamuliwa mbele ya macho yetu. Foleni ilikuwa inalalamika, mama mmoja alikuwa anatukana kwa Kihunde na hakuacha ukoo wangu. Papa Muhindo hakuuliza habari za ng'ombe hata kidogo. Alikwenda kwenye rafu akashika chupa ya soda, akaonyesha kizibo kilichopasuka.

“Siku maziwa ya batu yote inachacha pamoja, usiangalie ngombe. Angalia chupa.”

Soda kali ina ulafi wa hewa. Ukiiacha wazi inavuta ile gesi tunayoitoa puani, na nguvu yake inapungua. Tulipima soda ile kwa asidi ya oksaliki, unga mweupe usiobadilika ovyo: gramu saba kamili katika lita, maana sitini na tatu gawa kwa tisa ni saba. Mililita kumi za asidi hiyo zilipaswa kula mililita kumi za soda. Zilikula kumi na tatu. Yaani kila ishirini na mbili niliyosoma, niizidishe kwa kumi, niigawe kwa kumi na tatu: kumi na saba kasoro kidogo. Maziwa yalikuwa mazima siku zote. Yule mama wa matusi aliniletea viazi, na hakurudisha neno lolote kati ya yale aliyosema.

Sasa nifike kwenye jambo lenyewe.

Vita vilipofika kwetu, tulitawanyika. Wengine walikwenda Kashuga, wakalala chini ya turubai kambini. Mimi nilikimbia na bureti imefungwa ndani ya kitenge mgongoni, na barabarani watu wenye silaha walinisimamisha wakidhani ni bunduki. Nilifungua kitenge. “Ni ya kupimia maziwa,” nikasema. Walitazamana, mmoja akacheka, wakaniacha nipite. Bureti ilipona, chupa zangu zilipona, lakini kile kifaa cha kioo kinachoelea ndani ya maziwa na kuonyesha uzito wake, na kwa uzito huo kama yametiwa maji, kilivunjika njiani. Kumbukeni hicho kifaa. Ningekuwa nacho, hadithi hii isingekuwapo. Papa Muhindo alirudi kwao Butembo kulima kahawa, na tuliporudi mlimani, mimi ndiye niliyebaki na dirisha.

Miongoni mwa waliorudi walikuwa Papa Hangi na mke wake, Mama Furaha. Watu wa kilima, wakulima wa maharage na mihogo, wenye ng'ombe watatu waliowaficha kwa ndugu. Wao walikuwa wamekimbilia upande wa Walikale, Buleusa, kwa shangazi wa mama. Papa Hangi alikuwa mtu wa maneno machache, na mke wake alikuwa na maneno ya kuwatosha wote wawili. Kabla ya vita maziwa yao yalikuwa kumi na saba siku zote, mpaka nilikuwa nayakisia kabla ya kufungua bureti.

Asubuhi ya kwanza baada ya kurudi yalikuwa kumi na mbili. Kesho yake kumi na moja. Nikaosha kila kitu, nikapima soda kwa oksaliki, nikarudia. Kumi na moja. Maziwa ya wengine kwenye foleni ile ile yalikuwa kumi na sita, kumi na saba. Chupa yangu haikuwa na kosa.

Nilimwambia Papa Hangi kwa sauti ndogo. Alinitazama, akatazama bido lake, lile dumu la plastiki la njano, akaondoka. Maziwa niliyaacha yapite, maana hayakuwa machachu.

Lakini siri ya dirisha haifichi jibini. Mtengeneza jibini wetu, Papa Bauma, mnene, mwema, mwenye hasira za karibu, alianza kulalamika kwamba sufuria lenye maziwa ya Papa Hangi linachelewa kushika. Unatia dawa ya kugandisha, unangoja, na maziwa yanakutazama tu. Jibini lilitoka laini, na mnunuzi wa Goma akalirudisha. Papa Bauma akayaonja maziwa yale, akatema.

“Ile iko maji! Hangi anatutilia maji!”

Niwaeleze vizuri uzito wa neno hilo. Kwetu mtu akiiba kuku, watasema ana njaa. Akitia maji katika maziwa ya wenzake, watasema hana moyo, na hata maharage ya mke wake hayatanunuliwa sokoni. Chama chetu cha wenye maziwa kilikuwa na desturi: ukipokelewa, unafungiwa utepe wa kitambaa cheupe kwenye mkono wa kubebea bido lako, mbele ya wote, na wote wanakunywa maziwa yako. Ukifukuzwa, utepe unafunguliwa mbele ya wote vilevile. Tangu laiterie ianze sikuwahi kuona utepe ukifunguliwa. Papa Bauma alisema wa Papa Hangi, aliofungiwa upya tuliporudi kutoka vitani, utafunguliwa Jumamosi, na mpimaji ndiye atakayeufungua.

Nilimwambia hesabu haikubali. Sikilizeni, maana hapa ndipo hesabu inapomtetea mtu. Kama maziwa ni kumi na saba na maji ni sifuri, ili mchanganyiko uwe kumi na moja lazima sita kati ya kumi na saba ziwe maji. Hiyo ni zaidi ya theluthi ya bido. Maziwa yenye maji kiasi hicho yana rangi ya buluu pembeni, na tone lake halikai juu ya ukucha, linateleza. Maziwa ya Papa Hangi yalikaa juu ya ukucha wangu kama yamelipwa.

“Alors, kama haiko maji, iko nini?” Papa Bauma akauliza.

Niliwaza ugonjwa wa kiwele, nikaenda kuwatazama ng'ombe, viwele vilikuwa safi. Bureti haikuwa inadanganya: asidi ilikuwa imepungua kweli. Lakini bureti inasema kiasi, haisemi sababu, na mimi nilikuwa nimebaki na kiasi mkononi na Jumamosi mbele yangu. Nililala vibaya wiki ile. Niliona namba yangu, namba ya kweli, inakwenda kummaliza mtu mzima.

Jumamosi ilifika na mvua ndogo. Wanachama walisimama uani, kofia zimelowa. Papa Hangi alisimama peke yake upande mmoja, na jambo ambalo kila mtu aliliona ni kwamba Mama Furaha hakusimama karibu naye. Alisimama kwenye mlango wa uzio, khanga imefunika mdomo. Bido la njano lilikuwa katikati, tupu, limeshatolewa maziwa.

Papa Bauma alisema alichokuja kusema. Akamuuliza Papa Hangi kama ana neno.

“Sikutiaka maji,” Papa Hangi akasema. “Hata siku moya. Siko na neno ingine.”

“Mama Sifa,” Papa Bauma akasema. “Fungua.”

Niliinama kwenye bido. Fundo lilikuwa limelowa na lilikataa kufunguka. Nilivuta, likaniponyoka. Nikavuta tena, likateleza tena katikati ya vidole. Nikasugua kidole gumba na cha shahada. Maji ya mvua hayatelezi hivyo. Utelezi ule ninaujua kuliko ninavyojua mikono ya watoto wangu: ni utelezi wa soda kali ikikugusa, inapokula ngozi yako na kuifanya sabuni.

Chombo nayo iko na maneno yake. Nilikuwa nimepima maziwa ya Papa Hangi asubuhi zote zile, na bido lake halikuwahi kupimwa tupu, kwa sababu hakuna mpimaji duniani anayepima bido za foleni nzima.

“Ngojeni,” nikasema.

“Mama, fungua tu, mvua inanyesha,” Papa Bauma akasema.

“Papa Bauma, nimesema ngoja!”

Sikuwahi kumpigia kelele. Alirudi nyuma hatua moja. Nilichukua maji ya chemchemi yetu, nikayatia kidogo katika bido la Papa Bauma mwenyewe, nikalitikisa, nikamwaga maji hayo katika kikombe cheupe. Maji mengine ya chemchemi hiyo hiyo nikayatia katika bido la Papa Hangi, nikalitikisa vizuri na kulipindua juu chini, nikamwaga katika kikombe cha pili. Nikaweka vikombe viwili mezani, mbele ya macho ya wote. Nikatia matone ya fenolftaleini katika cha Papa Bauma. Hakuna kitu. Maji yakabaki maji.

Nikatia katika cha Papa Hangi. Yaligeuka waridi kwa tone la kwanza, na kwa la pili yakawa mekundu kama grenadini, mpaka mtu nyuma yangu akasema “Yesu wangu!”

“Ile njo nini?” Papa Bauma akauliza, na sauti yake ilikuwa imepungua.

“Iko kitu yenye inakula asidi,” nikasema. “Iko ndani ya bido, haiko ndani ya Papa Hangi.”

Nililigeuza bido, nikagonga mkono wake wa plastiki kwenye ukingo wa meza. Mnajua mkono wa bido la njano una uwazi ndani. Nilipogonga mara ya tatu, tope la kijivu lilitoka humo, zito, likaanguka mezani. Nikaligusa. Linateleza.

Mama Furaha alikuwa ameshafika mezani. Khanga ilikuwa imeanguka mabegani.

“Iko jifu yangu,” akasema. “Mama Sifa, ile iko jifu yangu!”

Akaeleza kwa haraka, maneno yakipandana. Kopo lao la chuma liliibwa vitani. Kule Walikale walinunua bido hili, lilikuwa la mafuta ya mawese. Mafuta yalikuwa yamekataa kutoka, harufu ilikuwa inaingia katika maziwa, na sabuni hakuna. Basi akafanya kama bibi yake alivyomfundisha: akachoma maganda ya ndizi na makapi ya maharage, akayaloweka majivu, na kila jioni akajaza maji hayo makali ndani ya bido yalale humo mpaka asubuhi. Alfajiri anamwaga, anasuuza, mumewe anakamulia. Majivu ya maganda ya ndizi, vijana wangu, ni ndugu wa soda kali. Mama zenu wanayachemsha na mawese kupata sabuni. Alisafisha bido kwa usafi wote alionao, na sehemu pekee ambayo mkono wa mtu haufiki, ndani ya ule mkono wa bido, ilikuwa inajaa majivu na kuyamwaga polepole katika maziwa kila asubuhi. Asidi ya maziwa ililiwa kabla haijafika kwenye bureti yangu. Ndiyo maana kumi na moja, na ndiyo maana jibini lilichelewa kushika.

Papa Hangi alikuwa anamtazama mke wake, na hapo akasema maneno marefu kuliko yote niliyowahi kumsikia akisema.

“Nilijua haiko miye. Nyumbani tuko batu wawili tu. Njo maana nilifikiri iko weye.”

Mama Furaha aliweka mkono kichwani.

“Na miye nilijua haiko miye,” akasema. “Mungu wangu, Hangi. Njo maana ulianza kulala ku jikoni?”

Mtu mmoja alicheka, kwa hofu tu, kisha wawili, kisha uani pote. Mama Furaha alikuwa anacheka na kulia, na anampiga mumewe kifuani kwa kiganja, na yeye amesimama tu anapigwa, uso umefunguka kama wa mtu aliyetua mzigo wa viazi. Mimi niliketi kwenye ngazi ya laiterie. Nilikuwa nimefurahi. Hakuna mwizi. Nilikuwa narudia hilo moyoni: hakuna mwizi, hakuna mwizi kati yetu.

Papa Bauma alikohoa. Alichukua bido, akalikaza fundo la utepe kwa mikono yake minene, akalivuta mara mbili kuhakikisha.

“Nani alisema huyu papa iko mwizi?” akauliza kwa ukali, akiwatazama watu.

“Weye,” foleni nzima ikajibu.

“Bon,” akasema. “Nilikosea. Hangi, unisamehe.” Akaingia ndani, akatoka na kopo la alumini la mdomo mpana, la kwake mwenyewe, lisilo na pa kujificha majivu, akalitia mikononi mwa Mama Furaha. “Ile ya njano mutekee maji.”

Jioni nilipanda kilimani penye mtandao, nikampigia Papa Muhindo Butembo. Nilimweleza yote, mpaka kulala jikoni. Alicheka mpaka simu ikakatika, na alipopiga tena alikuwa bado anacheka.

Siku hizi nasikia kuna kalamu za umeme zinazochovywa ndani ya maziwa na namba inatokea yenyewe. Ni nzuri, zitumieni, sina wivu nazo. Vidole vyangu viliunguzwa na soda miaka mingi na nisingemtakia mwingine. Lakini kalamu ile nayo ingesema maziwa ya Papa Hangi hayana asidi ya kutosha, na ingesema kweli, na utepe ungefunguliwa. Namba ikikuletea mtu wa kumhukumu, rudi kwanza kwenye chombo tupu.

Imebaki habari ya Jumatatu. Foleni ilikuwa ndefu kuliko kawaida, na wengine hawakuwa hata na maziwa. Papa Hangi na Mama Furaha walishuka pamoja, wameshika kopo la alumini, mmoja huku na mmoja kule, ingawa mtoto angeweza kulibeba. Nilivuta mililita kumi. Nikatia matone. Nikafungua bureti. Waridi ya ua la maharage ikatokea, ikazunguka kikombe, ikakaa. Nikasoma. Nikasoma tena.

Papa Hangi aliinamia dirisha, akasogeza sikio kama alivyozoea, apate kusikia sauti yangu ndogo. Sheria ya Papa Muhindo niliishika siku zote, kabla na baada. Siku ile nilisimama juu ya kiti, nikatoa kichwa nje ya dirisha, nikapiga kelele mpaka wa nyuma kabisa, kule kwenye uzio, wasikie:

“Papa Hangi, kumi na saba!”